Majina ya Samaki katika Mafunzo ya Chuo Kikuu na katika Maji ya Kagera

Elimu ya uvuvi na hifadhi ya viumbe wa majini hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa Kiingereza, na majina ya samaki hutolewa kwa Kilatini. Mhitimu apelekwapo Rubwera, makao ya Wilaya ya Kyerwa, kuwa bwana samaki, humlazimu kuisema elimu ile ile kwa Kiswahili mbele ya wafugaji ambao wengi wao nyumbani husema Kinyambo. Hapo ndipo neno moja, perege, linapoleta taabu.

Perege ni jina la jumla. Chini yake wamo ngege, mwenyeji wa Ziwa Viktoria, na sato, aliyeletwa ziwani humo katika miaka ya 1950. Kwa mlaji tofauti hii ni ndogo. Kwa mhifadhi ni kubwa mno, maana sato humshinda ngege kwa chakula na makao, tena huzaliana naye hata uzao halisi wa ngege ukapotea. Ngege, ambaye zamani alikuwa tegemeo kuu la wavuvi wa ziwa lile, leo amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli nchini Kenya. Mto Kagera, upitao magharibi ya Karagwe na Kyerwa, nao una maziwa madogo na vinamasi vingi. Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, imefika ukingoni mwa mto huo. Lakini maji hayawekewi ua. Basi bwana samaki akisema tu, “Pandikizeni perege,” pasipo kutaja ni yupi, vifaranga vya sato vyaweza kuchukuliwa na mafuriko kutoka bwawani hadi mtoni, wala hakuna awezaye kuwarudisha.

Wala Kilatini chenyewe hakikutulia. Mwaka 1928 Graham alimwita ngege *Tilapia esculenta*. Baadaye akahamishiwa *Sarotherodon*, na tangu kitabu cha Trewavas cha mwaka 1983 ni *Oreochromis esculentus*. (Esculentus maana yake ni aliwaye: jina la mpishi kuliko la mwanachuoni.) Muda wote huo wavuvi walimwita ngege.

Furu ni kinyume chake. Neno hili moja limefunika aina zinazokadiriwa kufika 500 katika Ziwa Viktoria, na yapata 200 kati yake hazikuonekana tena baada ya sangara kuenea katika miaka ya 1980. Katika Kiswahili hakuna kilichopotea, kwa kuwa furu yungali akitajwa sokoni kama kwanza.

Kwa hiyo kazi ya mwanalugha hapa si kubuni majina mapya mezani. Wanafunzi wa uvuvi waendapo mazoezini Kagera, yafaa waandike kando ya kila jina la Kilatini lile atumialo mvuvi, la Kinyambo au la Kihaya, pamoja na mahali na msimu alipovuliwa samaki huyo. Orodha ya namna hiyo ingemwezesha bwana samaki kumtaja ngege kwa jina lake, na mfugaji kukataa vifaranga asivyovijua.