Meseji Imechelewa? Angalia Salio Kabla ya Kutuma Tena

Umemlipa mama mboga shilingi 300. Umeweka PIN, umebonyeza tuma, kisha kimya. Meseji haiji, na nyuma yako kuna foleni. Hapo ndipo wengi hutuma tena, halafu baadaye meseji mbili zinaingia kwa pamoja. Hebu tuone kinachotokea kati ya simu yako na pesa zako.

Pesa haziko ndani ya simu

Salio lako ni hesabu iliyohifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Simu ni njia tu ya kupeleka maagizo. Ndiyo maana ukipoteza simu na kurudisha laini, unakuta salio lako palepale, mradi hakuna mtu anayejua PIN yako.

Seva ziko wapi?

Kampuni nyingine zina seva zao. Nyingine hukodi kompyuta za kampuni kubwa kupitia intaneti, mtindo unaoitwa klaudi. Faida yake ni kwamba mwisho wa mwezi, watu wakilipa kodi ya nyumba na karo, kampuni huongeza nguvu ya kompyuta, kisha huipunguza msongamano ukiisha.

Umbali nao una maana. Kwa miaka kadhaa seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mwaka 2015 zikahamishiwa Kenya. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilizorota Kenya na nchi jirani. Huduma inayotegemea seva za mbali huumia siku kama hizo.

Kwa nini meseji hukwama

Kutuma pesa kuna hatua tatu: ombi lako lifike kwenye seva, seva ikate kwako na kumwongezea mpokeaji, kisha meseji zirudi kwenu. Mambo yakikwama hatua ya kwanza, pesa hazijatoka. Yakikwama hatua ya tatu, pesa zimeshafika na kinachochelewa ni meseji tu. Kwako wewe, hali zote mbili zinaonekana sawa: kimya.

Mifumo mingi ina kinga ya kutambua ombi lilelile likijirudia. Lakini ukianza upya na kuweka PIN tena, mfumo unaweza kuliona kuwa ombi jipya. Huenda kweli ulitaka kulipa mara mbili; seva haiwezi kujua.

Fanya hivi

1. Subiri dakika chache, kisha angalia salio au orodha ya miamala yako.
2. Salio likiwa limepungua, usitume tena. Mwonyeshe muuzaji muamala huo na namba yake, naye aangalie salio lake.
3. Salio likiwa halijapungua, subiri kidogo uangalie mara ya pili. Ombi linaweza kuwa bado liko njiani.
4. Ukiwa umeshakatwa mara mbili, wasiliana na huduma kwa wateja mapema, ukiwa na namba za miamala yote miwili.

Na mtu akikupigia akisema, "Muamala wako umekwama, nipe PIN nikusaidie," kata simu. Huyo ni tapeli. Muamala uliokwama hutatuliwa kwa namba ya muamala, si kwa PIN yako.