Kompyuta Kuukuu na Mzigo Wake

Watu wa Ngumbo, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, waujua sana mtumbwi. Huchongwa kwa mti mmoja, nao hubeba wavuvi, nyavu na samaki. Lakini mtu akiupakia shehena ya meli, utazama. Tena kosa si la mtumbwi; kosa ni la mpakiaji asiyepima nguvu za chombo chake. Kompyuta nayo ina mzigo wake.

Mara nyingi shule hupewa kompyuta zilizokwisha kutumika miaka mingi mahali pengine. Zikiwashwa huchukua muda mrefu kuwa tayari, na kila kazi huenda polepole. Watu husema, "Hii imekufa," wakaitia stoo. Pengine haikufa, imelemewa tu.

Ndani ya kompyuta mna diski na kumbukumbu. Diski ni kama ghala: vitu vilivyowekwa humo hukaa hata kompyuta ikizimwa. Kumbukumbu ni kama meza ya kazi: juu yake huwekwa vitu vinavyotumika sasa, na kompyuta ikizimwa vyote huondoka. Kumbukumbu hupimwa kwa gigabaiti. Kompyuta nyingi za zamani zina gigabaiti 1 au 2. Nyingi za siku hizi zina 8 au zaidi. Meza ikijaa, kompyuta haina budi kuvipeleka vitu ghalani na kuvirudisha tena na tena. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya uzito wake.

Basi, dawa ni kupunguza mzigo, na hapo Linux hufaa sana. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Ufini, alianza kuandika kiini cha mfumo huu, akawapa watu wote. Kila mtu ana ruhusa ya kuunakili, kuuchunguza na kuubadili. Kwa uhuru wa namna hiyo hiyo, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili.

Katika Linux mtu aweza kuchagua eneokazi, yaani ile sura aionayo: madirisha, picha ndogo na orodha ya programu. Aweza kuondoa moja na kuweka jingine, kama mtu abadilivyo nguo, na mwili ukabaki ule ule. GNOME lina mapambo mengi, nalo lataka kumbukumbu nyingi. Xfce, lililoanzwa mwaka 1996 na Olivier Fourdan, ni jepesi zaidi. LXDE lilianzwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan, na mrithi wake ni LXQt. Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoweza kutiwa mfukoni, ilipoanza kuuzwa mwaka 2012 ilitumia LXDE. Baadaye shule kadhaa za Tanzania zilipata kompyuta hizo pamoja na umeme wa jua, kwa maana hutumia umeme kidogo.

Achaguaye na afuate taratibu. Kwanza, apime kumbukumbu ya kompyuta yake. Watengenezaji wa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, husema kwamba penye eneokazi gigabaiti 1 ndiyo kiasi cha chini, nazo 2 zafaa zaidi. Pili, ajaribu kwanza. Mifumo mingi ya Linux yaweza kuwashwa kutoka katika flashi bila kuigusa diski. Tatu, anakili kazi zake zote mahali pengine kabla ya kuuweka mfumo mpya, kwa sababu kazi hiyo yaweza kuifuta diski nzima, na kilichofutwa ni vigumu kukipata tena.

Hata hivyo, asidhani kwamba eneokazi jepesi latosha peke yake. Kivinjari cha intaneti, kikifunguliwa kurasa nyingi kwa pamoja, chaweza kula kumbukumbu kuliko eneokazi lenyewe. Atumiaye kompyuta dhaifu na afungue kurasa chache, na asipozihitaji azifunge. Wala kompyuta hiyo haitakuwa mpya. Video nzito na michezo mikubwa bado itaishinda. Lakini kuandika barua, kupiga hesabu na kusoma vitabu itaweza.

Mvuvi mwenye busara hautupi mtumbwi kwa sababu si meli. Huupakia kadiri ya nguvu zake, akaenda nao ziwani, akarudi na kitoweo.

MASWALI
1. Diski na kumbukumbu zina tofauti gani?
2. Kwa nini kompyuta huenda polepole kumbukumbu ikijaa?
3. Taja maeneokazi mawili yaliyo mepesi.
4. Ni jambo gani lipasalo kufanywa kabla ya kuweka mfumo mpya, na kwa nini?