Masisi na Walikale: Aliyenusurika mshtuko wa moyo hukimbia vita bila dawa

Mtu aliyenusurika mshtuko wa moyo huko Masisi au Walikale hubaki na kazi ya kila siku: kumeza aspirini ili damu isigande, statini ya kupunguza mafuta kwenye damu, na dawa za kupunguza kasi ya mapigo na shinikizo. Nyingi ni za maisha yote.

Vita vimeifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Masisi-kati, kisha Goma. Machi waliingia Walikale-kati, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na kutoka Walikale hadi mji huo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara mbovu. Anayekimbilia msituni usiku hubeba watoto na sufuria. Pakiti ya aspirini hubaki nyumbani.

Wengi hudhani maumivu yakiisha, ugonjwa umekwisha. Sivyo. Mshipa ulioziba mara moja unaweza kuziba tena, na msuli wa moyo uliokufa haurudi. Moyo huchoka, miguu huvimba, pumzi hukatika mtu akipanda kilima. Na Masisi ni vilima vitupu.

Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa mshtuko wa moyo mjini Moshi, kaskazini mwa Tanzania, walikuta zaidi ya theluthi moja wamefariki ndani ya mwezi mmoja, na zaidi ya nusu ndani ya mwaka. Moshi hakuna vita.

Kuzibua mshipa kwa mrija mwembamba, kama inavyofanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, ni mbali mno kwa mkulima wa Nyabiondo. Kwake yeye tegemeo ni vidonge, ambavyo tofauti na insulini havihitaji friji. Hospitali kuu ya Masisi imesaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, lakini majeruhi wa risasi, malaria na utapiamlo hutangulia, na hilo linaeleweka.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kidonge kimoja kinachounganisha dawa kadhaa za moyo. Kwa anayekimbia, pakiti moja ni rahisi kubeba kuliko nne. Hata bila kidonge hicho, karatasi yenye majina na vipimo vya dawa inaweza kuwekwa pamoja na kadi ya mpiga kura, ili muuguzi wa kambini ajue pa kuanzia.