Lusenda: Betri ya umeme ikikata njiani, usiitupe kabla ya kuipima

Asubuhi alama ya betri inaonyesha imejaa. Baiskeli ya umeme inaondoka vizuri, lakini ikifika kwenye mlima wa kwanza inazima ghafla. Baada ya dakika chache inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi husema hapo hapo kwamba betri imekufa. Mara nyingi si betri nzima, ni kipande chake kimoja.

Kwa mtu wa Lusenda, katika eneo la Fizi, jimbo la Kivu Kusini, tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu betri ndiyo moja ya sehemu za bei kali zaidi kwenye chombo cha umeme.

Jijini Kigali, wamotari wa pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2019, hawasumbuliwi sana na jambo hilo. Betri ikipungua, dereva anaingia kituoni, anaiacha na kuchukua iliyojaa. Ikiharibika, ni kazi ya kampuni. Lusenda, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi kando ya barabara ya taifa namba 5 kati ya Uvira na Baraka, hakuna kituo cha namna hiyo. Mwenye betri ndiye anayetakiwa kuijua. Na mambo haya yanafaa pia kwa betri za litiamu zinazotumiwa na paneli za jua nyumbani.

Ndani ya sanduku

Betri nyingi za baiskeli zinazoandikwa volti 36 zina makundi 10 ya seli ndogo, yaliyoungwa moja nyuma ya lingine. Kila kundi likijaa linafika volti 4.2, kwa hiyo betri nzima inafika volti 42. Ile ya volti 48 mara nyingi ina makundi 13, na ikijaa inafika volti 54.6.

Juu ya seli kuna kadi ndogo ya elektroniki ambayo mafundi huiita BMS. Kazi yake ni kulinda kila kundi. Kundi moja likishuka kupita kiasi, kadi inakata umeme wote, hata kama mengine tisa yana nguvu. Ni kama watu kumi wanaopokezana matofali kwenye ujenzi: mmoja akichoka, kazi yote inasimama.

Mlimani mota inavuta umeme mwingi, kundi dhaifu linaanguka, kadi inakata. Chombo kikipumzika, volti za kundi hilo zinapanda tena kidogo, ndiyo maana kinawaka.

Kupima hatua kwa hatua

Kifaa kinachohitajika ni multimeta, ileile ya mafundi wa redio na simu.

Kwanza ipimwe chaja. Chaja ya betri ya volti 36 inapaswa kutoa karibu volti 42. Ikitoa pungufu sana, huenda betri haina kosa. Viangaliwe pia fyuzi na viungo vya waya, maana barabara mbovu hulegeza viungo na mvua huleta kutu.

Pili, betri ipimwe baada ya kuchajiwa hadi chaja ikate. Ikisoma volti 39 au 40 badala ya karibu 42, huenda makundi hayako sawa.

Tatu, ipimwe wakati mota inafanya kazi nzito. Kushuka kidogo ni kawaida. Ikianguka sana mara moja, huenda kuna kundi lililochoka.

Hatua ya nne ni ya fundi peke yake: kufungua sanduku na kupima kila kundi. Kama tisa yanasoma volti 4.1 na moja 3.4, mgonjwa amepatikana. Tofauti ikiwa ndogo, kuiacha betri kwenye chaja kwa saa kadhaa, mtu akiwa karibu, kunaweza kuisawazisha. Kundi likishuka tena lenyewe baada ya siku mbili bila kutumika, linabadilishwa. Seli mpya ziwe za aina na uwezo uleule. Kuchanganya na seli za kompyuta ya zamani ni kurudisha tatizo.

Hatari ya moto

Kosa baya kuliko yote ni kuiruka kadi ya ulinzi kwa waya ili chombo kiendelee kutembea. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 nayo haifai kufufuliwa: inaweza kupata shoti kwa ndani na kuwaka wakati wa kuchajiwa. Mahali nyumba zimesongamana kama kambini, moto wa betri moja hauishii kwa mwenyewe.

Betri iliyovimba, inayonuka au inayopata joto bila kazi itolewe nje, mbali na nyumba, na isichajiwe tena. Ikiwaka, maji mengi husaidia kuipoza, lakini moshi wake ni sumu. Watu wakae mbali. Fundi avue pete na saa kabla ya kufungua sanduku.

Ili betri idumu, isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, wala chini ya bati lenye joto kali. Watengenezaji wengi wanakataza kuchaji joto likipita nyuzi 45. Isipotumika kwa wiki nyingi, ihifadhiwe ikiwa na nusu ya chaji.

Congo ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa kuzalisha kobalti, na Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, ina akiba kubwa ya litiamu. Madini hayo yanaweza kurudi Fizi yakiwa ndani ya sanduku lililofungwa. Kijana wa Lusenda au Baraka anayetengeneza simu tayari ana kifaa cha kuanza kulielewa.