Utangulizi: Saratani Inayokingika

 Swali kuu la elimu ya kinga ya saratani ni hili: saratani huanzia wapi, na tunaweza kuiwahi?

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, jibu tunalo. Mwaka 1983 Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walikuta kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo. Mwaka 2008 akatunukiwa Nobel. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili hukiondosha wenyewe. Kikingʼangʼania, hasa aina ya 16 na ya 18, huharibu seli polepole kwa miaka mingi hadi saratani itokee. HPV husababisha pia baadhi ya saratani za koo, njia ya haja kubwa, uke na uume.

Ndani ya chanjo hamna kirusi. Mna protini za ganda lake tu, bila vinasaba. Ni mfano wa kifuu: umbo la nazi unalitambua, lakini ukikipanda hakioti. Mwili hulisoma umbo hilo na kujiwekea kingamwili. Chanjo huzuia maambukizi, haiondoi yaliyokwisha kuingia. Ndiyo maana huchanjwa mtoto mapema, wala si kwa kumshuku mwenendo. Haimfanyi mtu tasa. Saratani ndiyo ikatayo kizazi.

Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikaingia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ushahidi wa dozi moja umetoka karibu yetu: utafiti wa DoRIS kwa wasichana 930 wa Mwanza, na KEN SHE wa Kenya, ulioonesha kinga ya asilimia 97.5 dhidi ya aina ya 16 na ya 18 katika miezi 18. Nchini Sweden, kwa waliochanjwa kabla ya miaka 17, saratani yenyewe ilipungua kwa asilimia 88.

Mama aliyepitwa na umri wa chanjo asikate tamaa: uchunguzi huona mabadiliko kabla hayajawa saratani, yakatibiwa. Elimu hii inahitaji watu wa kumjibu mama huyo kwa Kiswahili chake, bila kumtisha wala kumwonea haya. Tunakuomba uwe mmoja wao.