Tafuta kinachombwekesha mbwa kabla ya kushika fimbo

WAHENGA walisema kelele za mlango hazimwasi mwenye nyumba kulala. Katika mitaa mingi ya Nairobi, mwenye mbwa hulala fofofo huku jirani akikesha kwa sababu mnyama huyo anabweka usiku kucha. Ugomvi huanzia hapo, na wakati mwingine huishia kwa mbwa kutiliwa sumu.

Kubweka ni lugha ya mbwa, wala hakuna anayepaswa kutarajia mnyama huyo awe bubu. Tatizo ni yule anayebweka bila kukoma. Mbwa kama huyo hata ulinzi haumfai mwenyewe, kwani akizoea kumbwekea kila mpita njia, siku mwizi atakaporuka ua hakuna atakayeamka kutazama.

Sababu ni nyingi. Sikio la mbwa hunasa sauti nyembamba zenye mitetemo ipatayo 45,000 kwa sekunde, ilhali la binadamu hukomea takriban 20,000. Huenda basi anabwekea jambo ambalo mwenyewe halisikii. Wengine hubweka kwa woga, kwa upweke, au kwa kuchoshwa na kufungwa mnyororo kutwa nzima. Mbwa mzee anayeanza ghafla kubweka usiku huenda ni mgonjwa, na anafaa kuonwa na daktari wa mifugo.

Kosa la wengi ni kumkemea kwa sauti ya juu, jambo ambalo humchochea zaidi. Kumpiga nako huzidisha hofu, na hofu huzidisha kubweka. Isitoshe, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Tiba hufuata chanzo. Mbwa anayefungiwa mchana atembezwe asubuhi hadi achoke, kisha aachiwe mfupa wa kumshughulisha. Anayewabwekea wapitao langoni azibiwe nafasi ya kuwaona, au kibanda chake kihamishiwe nyuma ya nyumba, mbali na madirisha ya jirani.

Aidha, mbwa anaweza kufunzwa kunyamaza. Anapotulia hata kwa sekunde chache, aambiwe "nyamaza" mara moja kwa sauti ya chini, kisha apewe kipande cha nyama. Siku zinavyosonga, muda wa kusubiri tuzo hiyo urefushwe.

Anayebweka ili aangaliwe tu, asiangaliwe mpaka atulie. Mwanzoni kelele zitazidi, na hapo ndipo wengi hushindwa. Mwenyewe akikubali usiku wa nne, mbwa atajifunza kwamba anayedumu kubweka hatimaye hupata.

Jirani naye ana wajibu wake. Mwenye mbwa anaposhinda kazini, hajui yanayotendeka nyumbani. Akielezwa kwa upole saa ambazo mbwa wake hubweka, atajua pa kuanzia.