Kabla fundi friji hajapanda basi la Sabasaba

Juu ya kabati la karakana yangu Tarime mjini kuna mfuko wa nailoni uliojaa vipeperushi. Ni vya majiko ya gesi, magodoro, bima ya maisha na mbegu za alizeti. Nilivibeba kutoka Sabasaba, safari yangu ya kwanza ya maonesho, pamoja na pampu ya vakyumu niliyouziwa kwa "bei ya maonesho". Pampu ile haijawahi kushusha mfumo chini ya mikroni 1,500, na kazi ya kiyoyozi inataka 500 au pungufu. Mzee aliyenifundisha ufundi aliigeuzageuza, kisha akaniuliza, "Mura, ulikwenda kufanya nini huko?"

"Tata, nilikwenda maonesho."

"Sijakuuliza ulikwenda wapi."

Swali lake ndilo ninalotaka tulijibu leo, sisi tunaokula kwa friji, viyoyozi, vyumba vya baridi na hita za maji katika wilaya za Tarime na Serengeti. Nauli ya kwenda mbali, malazi, na siku za karakana kufungwa ni fedha nyingi kwa fundi mwenye vijana wawili wa kazi. Maonesho yapo mengi. Yanayokufaa ni machache, na mara nyingi si yale yanayotangazwa kwa kelele.

Tuanze na kazi zetu zilivyo, maana ndizo zinazochagua maonesho. Tarime tunatengeneza matangi ya kupozea maziwa, mafriza ya bucha, majokofu ya soda, friji za chanjo kwenye zahanati na viyoyozi vya benki. Sirari kuna ofisi za mpakani. Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara na biashara zote zilizouzunguka. Ukivuka kwenda Serengeti, kazi inabadilika sura: Mugumu inafanana na Tarime, lakini ukiingia Ikoma na ndani ya hifadhi unakuta hoteli na kambi zenye vyumba vya baridi vinavyoendeshwa kwa sola na jenereta, mashine za barafu, na wageni wanaotaka maji ya moto saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kutazama wanyama. Upande wa joto kazi yetu ni hiyo tu, maji ya kuoga. Baridi ya Julai milimani inauma kweli, ila bado sijaitwa na mtu kupasha sebule yake joto. Kwake koti linatosha.

Kwa hiyo usipotezwe na sifa za maonesho ya Marekani yaitwayo AHR Expo, yaliyoanza mwaka 1930 na ambayo kila mwaka huhamia mji mwingine. Kule nusu ya habari ni tanuri za kupasha nyumba wakati wa theluji, na mashine zao nyingi ni za umeme wa hezi 60. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50.

Sasa Sabasaba. Huandaliwa na TanTrade katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, kwa kawaida kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai. Ni maonesho ya kila kitu kwa kila mtu. Anayeuza kiyoyozi pale amejiandaa kumweleza mama mwenye nyumba kwamba kinatumia umeme kidogo. Hajajiandaa kukuambia kadi yake ya kielektroniki inakufa kwa sababu gani. Ukibahatika kuwa Dar kwa shughuli nyingine, ingia siku ya kazi asubuhi, uende moja kwa moja banda la VETA ambako utakuta walimu wa fani yako, kisha utoke. Tarehe 7 Julai yenyewe usiende. Siku hiyo utasukumwa na umati mpaka getini.

Kwa fundi wa huku, maonesho yenye faida ni ya namna mbili: yale anakopatikana mteja wako, na yale anakopatikana mwalimu wako. Mara chache sana utawakuta wote wawili mahali pamoja.

Mteja mkubwa wa fundi wa Serengeti haji kwenye maonesho ya viyoyozi. Anakwenda Karibu-Kilifair, maonesho ya utalii yanayofanyika kaskazini mwa nchi mapema mwezi Juni, siku tatu tu. Wenye kambi, mameneja wa hoteli na wanunuzi wao wote huwa pale. Fikiria na majira yenyewe. Aprili na Mei mvua imenyesha, wageni ni wachache na kambi nyingine zimefungwa kwa matengenezo. Kuanzia Julai nyumbu wanafika kaskazini mwa hifadhi, wanavuka Mto Mara, na vyumba vinajaa hadi Oktoba. Meneja unayemkuta Juni ana wasiwasi mmoja moyoni: friza yangu itafika Oktoba? Ikifa Agosti, nyama ya wageni arobaini inaharibika, na fundi kutoka Arusha anahitaji siku nzima kufika. Wewe uko Mugumu. Mwambie hivyo, kwa sentensi hiyo hiyo.

Huhitaji kukodi banda. Nenda kama mtembeleaji, na karatasi moja yenye picha tatu za kazi ulizofanya, namba ya simu, na maelezo ya huduma ya kila miezi mitatu: kusafisha kondensa, kupima gesi, kukagua mipira ya milango. Vumbi la barabara ya Ikoma linaziba kondensa kuliko kitu kingine chochote, na meneja anayejua hilo atakuelewa kabla hujamaliza kusema.

Fundi wa Nyamongo namwelekeza Geita, kwenye maonesho ya teknolojia ya madini yanayofanyika kila mwaka tangu 2018. Mwaka huo huo zilitoka kanuni za madini zinazotaka migodi itangulize watoa huduma wa Kitanzania. Kanuni hizo hazikupi kazi ukiwa umekaa Tarime. Wanunuzi wa migodi wanataka kuona leseni, namba ya mlipa kodi, vyeti, na usajili wa Bodi ya Makandarasi ukiwa nao. Beba nakala. Na anayeishi kwa matangi ya maziwa na mafriza ya mifugo asidharau Nanenane ya Nyakabindi, Simiyu, ambako mikoa ya Mara, Shinyanga na Simiyu hukutana. Wenye ng'ombe wote wapo, na wauza matangi pia.

Nimalize upande wa wateja hapo, maana upande wa mwalimu ndio unaoniumiza kichwa.

Kazi yetu inabadilika kwa nguvu ya mikataba. Itifaki ya Montreal ya 1987 iliweka njia ya kuondoa gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, R22 ikiwemo. Kwa nchi zinazoendelea, matumizi ya kundi hilo la gesi yalitakiwa kupungua kwa asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kufikia 2030 yabaki masalio madogo ya matengenezo tu. Kisha yakaja marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, yanayobana hata gesi zilizochukua nafasi ya R22, kama R134a na R410A, kwa sababu zinapasha dunia joto. Kilo moja ya R410A ikivuja ina madhara sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. R32 ni 675. R290, ambayo ni propani, ni kama 3. Ndiyo maana viyoyozi vipya vinakuja na R32 na friji za nyumbani zinakuja na R600a. Zote mbili zinawaka moto, R600a kwa urahisi zaidi. Fundi aliyezoea kuchomelea bomba la kopa huku gesi imebaki ndani anacheza na maisha yake, na kipeperushi hakiwezi kumfundisha aache.

Mwalimu wa mambo hayo kwa karibu yuko Nairobi. Msishangae. Kutoka Tarime hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Hadi Nairobi, kupitia Sirari na Isebania, ni kiasi cha 400. Nairobi hufanyika maonesho ya ujenzi kama Buildexpo na Big 5, ambako wauzaji wa viyoyozi na vifaa vya baridi huleta wahandisi na si wauzaji peke yao. Tangazo la Kiingereza lisikutishe, Kiswahili chako kitasikilizwa. Unachohitaji ni hati ya kusafiria iliyo hai na subira ya foleni mpakani.

Ukishafika, usianze na bei. Mimi siku hizi huanza na mwinuko. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Tarime tuko juu zaidi, kama mita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar. Feni ya kondensa inayozunguka kasi ile ile inabeba joto pungufu, na jenereta isiyo na tabo inatoa nguvu pungufu. Muulize mhandisi: mashine hii inapoteza kiasi gani ikifungwa mita 1,500? Akifungua jedwali akakuonyesha, umepata mtu, kaa hapo hata saa nzima. Akicheka na kukupa kalamu yenye nembo, chukua kalamu uendelee na safari.

Mwinuko huo huo unatuchezea hata kwenye geji. Ukivuta vakyumu Tarime, mshale hautafika hasi 1 kama kitabu kinavyosema. Utaishia karibu na hasi 0.85, na wengi hapo huilaumu pampu. (Yangu niliilaumu kwa haki, kwa kipimo cha mikroni, ambacho hakijali milima.) Kwenye friji ya R600a, ambayo upande wa kuvuta husoma chini ya sifuri, mshale utasimama juu kidogo ya jedwali lililotungwa kwa usawa wa bahari. Fundi anadhani amejaza kupita kiasi, anapunguza gesi, na friji inaanza kushindwa kugandisha. Nimewahi kuona friji tatu za mtaa mmoja zimefanyiwa hivyo na mtu yule yule.

Swali la pili ni vipuri. Nani anauza kadi, kompresa na kapilari za mashine hii upande huu wa daraja la Kirumi la Mto Mara? Jibu likiwa Dar peke yake, mwambie mteja wako kabla hajanunua. Beba pia kwenye simu picha ya kibao cha kompresa iliyokushinda na picha ya kipuri kilichoungua. Mhandisi aliyechoka kusikia "bei gani?" tangu asubuhi atafurahi kuona ugonjwa halisi. Nilijifunza mengi kuhusu viyoyozi vya inveta kwa dakika ishirini hivi, kwa sababu ya kadi moja iliyopigwa na umeme wa Mugumu.

Gesi usinunue maonesho. Kwanza mtungi hauruhusiwi kwenye basi la abiria, na kuingiza gesi hizi nchini kunataka kibali. Pili, gesi bandia ipo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua mafundi, Vietnam ikiwemo, baada ya mifumo ya R134a kujazwa gesi iliyochanganywa na kloridi ya methili, ambayo hushambulia alumini. Kwa nje mtungi ulikuwa mtungi tu. Vifaa vidogo unaweza kuvuka navyo, lakini elewa hili: ule utaratibu rahisi wa mpakani kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki. Geji iliyotoka China hailindwi kwa kuwa umeinunua Nairobi. Omba risiti, itangaze, lipa kinachotakiwa.

Guangzhou je? Maonesho ya Canton hufanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na vifaa vya umeme vimo katika awamu ya kwanza. Pale kiwanda kinauza kwa kontena. Kumi wenye mtaji mkiungana na kumtuma mmoja, inawezekana. Peke yako, mwachie mtu wa Kariakoo. Chillventa ya Nürnberg, inayofanyika Oktoba kila baada ya miaka miwili, ndiyo shule kubwa ya wenye fani hii, na kama mgodi au hoteli itakulipia tiketi, usikatae.

Wengine tuchague kwa nauli tuliyo nayo. Mwenye nauli mbili aende Karibu-Kilifair mwezi Juni, na Nairobi wakati wowote maonesho ya ujenzi yanapotangazwa. Mwenye nauli moja na wateja wa kambi aende Karibu-Kilifair. Mwenye nauli moja na karakana ya mjini avuke Sirari.